Safari Isiyo na Mwenyewe

Rangi ya kijani haitoki kirahisi. Suka alikuwa akiisugua kwa msasa tangu asubuhi, kichwa kizima cha lori la shemeji yake, na sasa ilikuwa imehamia kwake, imemganda vidoleni na chini ya kucha. Shemeji alimfuata nyuma na brashi ya rangi nyeupe, akiziba kila palipokwanguliwa. Alisema kijani kimemchosha, na gari likizeeka nalo hutaka kujipodoa.

Jina la Suka, yaani dereva, alipewa na majirani tangu utotoni, alipokuwa akikimbia uani na kifuniko cha sufuria mikononi, akiunguruma kwa mdomo. Sasa leseni ya malori alikuwa nayo, mbichi kabisa, na kazi mbili zilikuwa mbele yake. Ya kwanza ilikuwa gari la kunyonya vyoo. Mshahara wake mdogo lakini wa uhakika, na mwenye gari alishamwambia aanze Jumatatu. Ya pili ilikuwa ya tangazo lililobandikwa kituo cha mafuta: mwenye ghala mmoja alitafuta dereva anayeijua vizuri njia ya machimbo. Lori jipya, mshahara mnono, na juu ya hayo chumba cha kulala. Kwa mtu mzima anayelala sebuleni kwa dada yake, katikati ya vipande vya vitambaa, hilo neno chumba lilimnyima usingizi.

Dada alikuwa mlangoni na cherehani yake. Ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki.

"Chukua gari la vyoo," alisema. "Harufu hutoka kwa sabuni, mdogo wangu."

Shemeji akacheka. Leseni ya malori, halafu mtu akavute mavi ya watu? Dada akafungua mdomo kujibu. Mumewe akamtazama, naye akaufunga, akarudi kwenye mshono wake, na sindano ikamchoma kidole.

Suka aliuliza kwa nini shemeji mwenyewe, na miaka yake yote barabarani, asiende kuichukua kazi nono kama hiyo. Shemeji akasema mgongo wake hautaki tena masafa. Zamu ya vijana imefika.

Tatizo lilikuwa uzoefu. Njia ya machimbo Suka aliijua kwa kusimuliwa tu. Hapo shemeji akaweka brashi chini, akamfunulia siri ya kazi: hakuna dereva aliyeajiriwa mara ya kwanza bila kudanganya, kila mmoja huazima safari za mwenzake. Na kituoni palikuwa na safari moja inayosimuliwa ambayo haina mwenyewe. Siku ya ile mvua kubwa madereva wote waligeuza magari. Lori moja tu lilipita kona ya machimbo na mzigo wake, na mpaka leo hakuna anayemjua dereva.

"Ichukue hiyo," shemeji alisema. "Sema ulikuwa wewe. Na useme hukusimama popote. Matajiri wanampenda dereva asiyesimama."

Leseni akamshauri aiache nyumbani, maana tarehe yake ingemuumbua. Shemeji aliipokea kwa mkono wake mwenyewe, akaitia mfukoni mwake.

Uwanja wa ghala ulikuwa mtupu. Magari yote yako safarini, Suka alijiambia, biashara inakwenda. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye mlango wa chuma, wakampisha. Ndani, mwenye ghala alimkaribisha kwa sauti ya chini, na mkewe, aliyejitanda mtandio mweusi, akaleta chai, kisha hakuondoka. Kwenye rafu palikuwa na begi la shule lililokatika mkanda, tope limekaukia juu yake. Suka akafarijika. Watu wenye watoto hawanyanyasi wafanyakazi.

Mwenye ghala hakuuliza habari ya leseni. Aliuliza njia tu. Suka akaieleza kama aliyezaliwa kando yake, ukungu wake, mteremko wake, mawe yanayoporomoka.

"Siku ile ya mvua kubwa," mwenye ghala alisema, "nasikia lori moja lilipita."

Suka akaweka kikombe chini polepole, kama mkongwe.

"Ni mimi."

"Jioni?"

"Jioni. Wenzangu waligeuza."

"Na pale konani hukusimama?"

"Sikusimama. Mzigo wa mtu haulali njiani."

Yule mama mwenye mtandio akashika ukingo wa meza.

"Lori lenyewe la rangi gani?" mwenye ghala akauliza.

Hilo hakufundishwa. Suka akainamisha macho, yakaangukia vidole vyake, na jibu likaja lenyewe.

"Kijani."

Mwenye ghala akainuka, akampa mkono, akaushika sawasawa. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Tumekutafuta sana," alisema, na Suka naye akaukaza mkono huo, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumhitaji namna hiyo. Akakiona chumba chake, na kitanda, na dada amekuja kumtembelea.

Nyuma yake mlango wa chuma ukavutwa, ukafungwa.

Yule mama aliliteremsha begi kutoka kwenye rafu, akalipakata, na mkwaruzo wa rangi ya kijani ukaonekana ubavuni mwake. "Mwanangu alikuwa anavuka kurudi nyumbani," alisema. "Alilala pale na mvua mpaka alfajiri, bado anapumua. Daktari alisema ungesimama tu, angepona."

Suka akasema si yeye. Akasema amedanganya, kuendesha kwenyewe amefuzu juzi tu, leseni ni mpya, waitazame wenyewe tarehe. Mkono wake wa kushoto ukapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali.

Wa kulia mwenye ghala hakuwa ameuachia. Aliugeuza taratibu kwenye mwanga, akazitazama kucha moja baada ya nyingine, kisha akamwonyesha mkewe.