Pikipiki ya Miaka Yote

"Dada, hiyo ni ya mwaka gani?" Kachenje aliuliza kabla ya mbio za mlimani, ameketi juu ya toleo jipya kabisa la pikipiki ya aina ile ile.

"Ya miaka yote," Sikudhani akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Tangi lilikuwa la toleo la kwanza, nene kama mtungi. Breki zilitoka kwenye toleo lililofuata, shokapu kwenye lile lenye taa kama macho ya paka. Kila toleo lilipopitwa na wakati, wenzake walikimbilia jipya. Yeye alinunua kipuri kimoja tu, kile kilichokuwa bora.

Bendera ikashuka. Kwenye kona ya mwisho, iliyojaa kokoto, Kachenje alipunguza mwendo. Sikudhani hakupunguza.

Desturi ya mji ule, mshindi huacha injini ikinguruma na wengine wote huzima. Kachenje alizima wa mwisho. Mlima mzima ukabaki na mngurumo mmoja, mzito, wa kizamani.

Sikudhani akavua helmeti, akachuchumaa kando ya pikipiki ya Kachenje.

"Siku ukiiuza, unikumbuke," alisema, huku akiipapasa rimu ya mbele kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi.