Maziwa ya Mwongeli

Mama mkwe wa binti yake alikataa chai, na hapo Profesa Syokau akajua kwamba hakuja kumwona mtoto.

Waceke alikuwa ametoka Kabiria na wifi zake wawili bila kupiga simu. Askari wa getini aliwachelewesha kidogo, wakanung'unika mpaka mlangoni. Sasa walikuwa wameketi sebuleni kwa Mwongeli, binti ya Profesa, hapo Lavington, wakikagua mapazia na zulia, macho yao yakimkwepa mtoto. Ndungu, mwana wa Waceke na mume wa Mwongeli, alisimama dirishani kama mgeni nyumbani kwake.

Profesa alikuwa akiwadharau watu hawa tangu siku ya harusi. Waceke naye hakuwahi kumwita profesa hata mara moja.

"Mama Mwongeli," alisema, "si ni wewe ulikuwa unafanyia ng'ombe kazi miaka hiyo yote?"

"Ni mimi. Ng'ombe hawana maneno mengi."

Wifi mmoja alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza.

Dharau ya namna hiyo Profesa aliizoea. Maisha yake yote ya utafiti yaliishia kwenye homoni zinazoamsha maziwa na lishe inayoyazuia kukauka. Aliwahi kusimama mbele ya kamati moja huko Upper Hill kuomba aruhusiwe kuendelea na mitamba wake, ng'ombe ambao hawajazaa bado. Mwenyekiti, Daktari Kivuva, ambaye hakuwa ameshika kiwele cha ng'ombe tangu apewe ofisi yenye kapeti, alimuuliza mtamba ana faida gani kwa mkulima. Kamati nzima ikacheka, na utafiti ukafungwa. Syokau alistaafu akiamini kwamba alikuwa amezungukwa na wapumbavu waliovaa tai.

Waceke hakukawia kusema kilichomleta. Watu wa Kabiria walikuwa wanaongea. Ndoa imekaa miaka bila mimba, halafu Mwongeli anakwenda kujificha kwa mamake Machakos, eti presha, na kurudi na mtoto. Nani aliliona hilo tumbo? Marehemu mume wa Waceke, Kinyanjui, alikuwa mtu wa heshima, na kwa desturi mwana wa kwanza wa Ndungu ndiye wa kupewa jina lake. Lakini jina hilo halingepewa kitu cha kuokotwa. Kama mambo ni hayo, Ndungu angetafutiwa mwanamke anayezaa. Tayari Waceke alikuwa amemwona mmoja, mwalimu, kanisani kwao.

Mwongeli aliinamisha kichwa. Ndungu alimwomba mamake aache, kwa sauti ndogo hivi kwamba Profesa akamdharau na yeye pia.

"Unataka nini, Mama Ndungu?" Profesa aliuliza.

"Mtu akizaa, inaonekana."

"Inaonekana wapi?"

Waceke alielekeza kidevu kwenye kifua cha Mwongeli. "Mtoto ameamka. Anyonye tukiona."

Profesa nusura acheke. Mwanamke aliyezeeka akigombana na wapangaji juu ya choo na maji, leo amekuwa mtafiti. Alimgeukia binti yake, akamwambia taratibu amnyonyeshe.

Mwongeli alifungua blauzi. Mtoto akatafuta, akapata, akaanza kumeza kwa pupa, sebule nzima ikisikia. Alipoachia ili avute pumzi, maziwa yalimrukia shavuni, mengine yakadondoka zuliani.

Waceke ndiye aliyelainika kwanza. Alipiga magoti kando ya kochi, akamshika mtoto mguu, akalia akimwita Kinyanjui, Kinyanjui wangu. Alimwomba Mwongeli msamaha mbele ya wote. Wifi zake wakaona ghafla kwamba pua ni ya marehemu kabisa, na masikio pia. Chai ikaletwa, safari hii ikanyweka. Profesa aliwamiminia mwenyewe, akiwatazama jinsi alivyomtazama Kivuva na kamati yake: watu wazima wasioamini kitu mpaka wakishike, na wakishakishika hawaulizi kingine.

Ndungu aliwarudisha Kabiria kwa gari. Geti lilipofungwa, Mwongeli alibaki amemkumbatia mtoto, machozi yakimtoka kimya kimya. Baada ya muda alimuuliza mamake kama yule msichana aliyemzaa mtoto huyo angelipenda jina hilo.

"Hayo tutazungumza baadaye," Profesa alisema. "Kwanza meza vidonge vyako. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa akiruka dawa, maziwa hukauka."