Shingo ya Kumi na Tano

Kila Jumamosi saa nne asubuhi kazi ilisimama kwenye kibanda cha ushonaji, na watu wazima wenye akili zao timamu walikusanyika kumwangalia Fundi akipimwa shingo.

Fundi alikaa kwenye stuli, kidevu juu. Mkewe alitoa tepu ukutani, akaizungusha shingoni, akasoma namba kwa sauti. Kusoma ilikuwa kazi ya mke peke yake, maana katika jambo hili mume hakuaminika.

Yote yalianzia kwenye tezi. Ilivimba chini ya taya, upande wa kushoto, ngumu kama gololi. Mdogo wa mkewe, ambaye ni nesi, aliibonyezabonyeza, akauliza kama inauma.

"Haiumi hata kidogo," alijibu Fundi kwa fahari.

"Ingekuuma ningekuwa na amani zaidi, shemeji. Tezi ikivimba, mwili unapigana na kitu. Huenda ni jino, huenda ni koo, huenda ni kifua kikuu, huenda ni kibaya kuliko hivyo. Hospitali watatoa kinyama kidogo wakipime, tujue moja." Kesho yake akamletea barua ya rufaa.

Fundi, ambaye kwa sindano ya cherehani alikuwa hodari, ya hospitali aliiogopa kama moto. Na mtaa ulikuwa upande wake. Muuza viungo, aliyeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kujibu "sijui", alimpangia dozi: punje saba za kitunguu saumu alfajiri, tangawizi na manjano mchana, maji ya ndimu ya vuguvugu jioni. Jirani akaongeza asali. Mwingine akaikataza asali. Fundi alifuata yote, mpaka wateja wakawa wanapimwa huku wamegeuza nyuso pembeni.

Makubaliano na mkewe yalikuwa mafupi. Shingo yake ya siku zote ilikuwa inchi kumi na tano. Sasa ilisoma kumi na sita. Ikirudi kumi na tano ndani ya Jumamosi sita, mke ataichana barua kwa mkono wake mwenyewe. Isiporudi, mume ataenda hospitali bila ubishi.

Wiki hiyohiyo mkasi wake uliibiwa. Alinunua mwingine, wa chuma kitupu, mzito kama pasi, akaufunga kwenye ncha ya tepu, kisha akatundika ncha ya pili ya tepu kwenye msumari ukutani, mkasi ukining'inia chini. Sasa mkasi hauendi popote bila yeye kujua, alisema, na ubunifu huo aliusifia kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona.

Jumamosi iliyofuata shingo ilisoma kumi na tano na robo tatu. Iliyofuata, kumi na tano na nusu. Vitunguu saumu vikaadimika sokoni. Profesa akawa anakuja na kiti chake mwenyewe na kukaa mbele. Fundi naye akaanza kutoa ushauri: akimpima mtu mabega, vidole vyake vinapitia na shingoni, halafu anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitabibu.

Mkewe peke yake hakuchangamka. "Mimi naona kama imekua," alimwambia siku moja wakila.

"Wewe unaona kwa macho. Tepu inaona kwa namba."

"Na hilo jasho la usiku, mpaka shuka linaloa?"

"Sumu hiyo, inatoka. Muulize Profesa."

Kero ilikuwa moja tu, wateja. Mwalimu mkuu alirudisha suruali iliyogoma kufunga kiunoni. Karani wa posta akarudisha sketi. Fundi hakukubali lawama hata chembe. Kitambaa alikipima kwa rula ya mbao iliyopigiliwa ukingoni mwa meza, urithi wa baba yake, na rula ile haijawahi kukosea tangu enzi za marehemu.

"Nikiwapima kiuno mnavuta tumbo ndani kwa ajili ya harufu ya dawa yangu," aliwaambia. "Mkifika nyumbani mnaliachia, halafu kosa linakuwa la fundi."

Jumamosi ya sita kibanda kilijaa hadi nje. Mke akazungusha tepu, mkasi ukibembea kifuani kwa mumewe. Alisoma kimyakimya. Akapima tena.

"Kumi na tano," alisema.

Makofi yakapigwa, na Profesa akasimama kuyapokea. Mke alikuwa mtu wa neno lake: alitoa barua, akaichana vipandevipande, vikaangukia sakafuni kati ya mabaki ya vitambaa. Machozi yalimtoka, maana wiki zote hizo alikuwa amejiandaa kwa mabaya.

Ndipo Fundi alipolitoa shati jeupe alilokuwa amejikatia kwa siku hiyo, kola ya kumi na tano kamili. Alifunga vifungo kuanzia chini, taratibu, akiringa. Cha juu kabisa hakikufika. Akavuta. Kikabaki vidole viwili kutoka kwenye tundu lake.

"Kitambaa kimesinyaa," alisema Profesa upesi.

"Hakijaguswa na maji," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mkewe aliufungua mkasi kutoka kwenye ncha ya tepu, akailaza tepu juu ya rula ya mbao, mwanzo kwa mwanzo, na watu wote wakainama kutazama. Kumi na tano ya tepu ilifika kwenye kumi na sita na nusu ya mbao.

Fundi akapiga magoti, akaanza kuokota vipande vya barua.