L Moja au Mbili

Keki ya harusi ilirudishwa kwa mwokaji mara ya tatu kwa sababu ya herufi moja.

Juu yake palikuwa pameandikwa kwa sukari "Swilgarth". Bi Winifred, aliyemlea bi harusi, aliingia dukani na mwavuli mkononi akataka L mbili. Baada ya saa moja akaingia Mzee Obadiah, babu yake bwana harusi, akataka moja ifutwe. Mwokaji akavua aproni.

"Mimi nitaandika 'Heri' basi," akasema. "Asiyetaka akaoke yake."

Uingereza nzima ilikuwa na watu thelathini na mmoja tu wenye jina hilo, na kumi na tisa kati yao waliishi Marrowby, kijiji kimoja cha milimani Yorkshire. Wa L mbili walikuwa kumi na mmoja, wa L moja wanane. Kila upande uliwahesabu wake kama mchungaji ahesabuvyo kondoo. Mzee Obadiah alidai jina lilitoka kwa mpiganaji aliyevuka bahari na shoka lake, asiye na muda wa kuongeza herufi. Bi Winifred alidai lilitoka kwa bwana mwenye ngome, na kwamba L ya pili ilidondoshwa na mlevi fulani wa upande wa kina Obadiah. Ilikuwa miaka ishirini na sita hawajasemezana.

Sasa Hester wa L mbili alikuwa anaolewa na Luke wa L moja. Kumi na mmoja wangebaki kumi, wanane wangefika tisa.

"Mjukuu wangu akitia saini jina lililokatwa mkia, sikanyagi kanisani," alisema Bi Winifred.

"Na wakiliongezea mkia, mimi nalala zangu nyumbani," alijibu Mzee Obadiah alipopelekewa habari.

Hester alikwenda kwa Kasisi Ambrose Tindle akalia mpaka akakosa leso. Bibi yake ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. "Harusi bila bibi, Kasisi, ni harusi gani hiyo? Afadhali tuache."

Kasisi alikuwa amewabatiza, amewaoza na amewazika watu wa pande zote mbili kwa miaka kumi na minane, na kila alipoandika jina lao alitazama mlangoni kwanza.

"Nipe siku nne," alimwambia. "Nipekue kitabu cha kale cha ubatizo."

Alhamisi akawaita wale wazee wawili ofisini mwa kanisa. Walikaa kila mmoja pembe yake, jiko la makaa katikati. Vidole vya kasisi vilikuwa na madoa ya wino. Alisema kalamu yake inavuja, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Kasisi, mwambie huyo mzee afunge mlango, baridi inaingia."

"Kasisi, mwambie huyo mama mlango uko karibu yake."

Kasisi akaufunga mwenyewe. Akafungua kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, akachomoa humo karatasi ya rangi ya kahawia.

"Ina miaka mia tatu hii," akasema. "Jina lenu lilianzia hapa. Someni wenyewe."

Mzee Obadiah alivaa miwani. Alianza kusoma kwa sauti ya mnadani, ikashuka, mwishowe ikawa mnong'ono:

"Leo nimembatiza mtoto wa kiume asiye na mama wala baba ajulikanaye. Ameokotwa zizini, ndani ya pipa la makombo, akila pamoja na nguruwe na hataki kutolewa. Kwa kuwa makombo na zizi ndiyo mali yake yote, nimempa jina la vitu hivyo viwili..."

Hapo wino ulikuwa umemwagika juu ya jina lenyewe. L ilikuwa moja, mbili au tano, hakuna ambaye angeweza kujua.

Swill ni makombo ya nguruwe na garth ni zizi. Kila mtoto wa Yorkshire anajua hivyo. Kina Swilgarth peke yao ndio waliokuwa wamekataa kujua, kizazi baada ya kizazi.

Makaa yalilia ndani ya jiko. Bi Winifred akasogeza kiti chake.

"Obadiah."

Mzee alishtuka. Hakuwa amesikia jina lake kinywani mwa mama huyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Naam, Winifred."

"Yule mama wa posta, na mdomo wake ule, akilipata hili..."

"Wajukuu wetu wataitwa nguruwe mpaka kiyama."

"Kasisi, nani mwingine ameiona?"

"Ninyi tu."

Mzee Obadiah akafungua mlango wa jiko. Bi Winifred akaitupa karatasi ndani, ikashika moto mara moja.

"Jamani, karatasi ya miaka mia tatu!" alisema kasisi, bila kuinuka kitini.

Jumamosi waliketi benchi la mbele, bega kwa bega, kila mmoja akimchunga mwenzake asije akaropoka. Hester alipoinamia daftari, kalamu mkononi, akageuka kuwauliza kwa macho, walijibu kwa pamoja:

"Yoyote, mwanangu! Andika upesi!"

Kwenye karamu Mzee Obadiah aliwasimulia wageni habari za bwana mwenye ngome, na Bi Winifred akaongezea shoka. Ilipofika jioni hakuna aliyekuwa anamchunga mwenzake tena. Walikuwa wanacheka tu, machozi yakiwatoka, na Hester akawakumbatia wote wawili kwa mpigo.

Kasisi alifika nyumbani amechoka, akavua viatu mlangoni.

"Ambrose!" mkewe aliita kutoka jikoni. "Kuna karatasi nyingine imelowekwa ndani ya birika langu la chai mpaka imekuwa ya kahawia. Niianike, au umeshamaliza kubatiza watu wa kale?"