Yule wa Masharubu

Kila mwisho wa mwaka, fundi cherehani na dada yake walipanga orodha ya waigizaji kumi wenye sura za kuvutia zaidi, wakigombania nani awe wa kwanza mpaka mbavu ziwaume kwa kucheka.

Mwaka huu walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao.

Fundi aliandika peke yake, akafuta, akaandika tena, hadi karatasi ikatoboka penye namba moja. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akapiga simu.

Dada yake akapokea.

"Dada," alisema, "nimebakiza namba moja."

"Usiniambie unamweka tena yule wa masharubu."

"Ndiye."

Dada alivuta kamasi. "Mdogo wangu, huna macho kabisa. Ngoja nitafute kalamu."