Waya wa Fundi Mwingine

Bi Salome alisimamisha pikapu yake mbele ya gereji, akashuka ameziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Fundi Chande, gari linanuka kuungua. Nimekuja moja kwa moja kwako."

Chande alitandika gunia, akajisogeza chini ya gari ambalo miaka yote alikuwa akilitengeneza yeye peke yake. Hakukawia kuliona tatizo. Kitambaa cha kufutia mikono, kilicholowa oili, kilikuwa kimesahauliwa juu ya bomba la moshi na sasa kinafuka. Hakikuwa chake. Pembeni, bomba lenyewe lilikuwa limefungwa kwa waya mpya, mizunguko imelala sawasawa kama nywele zilizosukwa.

"Nani kalishika gari hili?" aliuliza akiwa huko huko chini.

"Bomba lilining'inia njiani. Fundi mmoja wa huko akanisaidia."

"Ana mkono mzuri?"

Bi Salome alicheka kidogo.

Chande alikivuta kitambaa, akakitupa nje. Harufu ikaanza kupotea.

"Tayari?" Bi Salome aliuliza.

"Bado."

Akachukua plaizi, akaukata ule waya, akaanza kulifunga bomba upya kwa wa kwake, huku likimuunguza vidole.