Kitabu cha Pangani

Neno lilikuwa moja tu, KASIDA, na Fanueli, karani wa kampuni ya mkonge mjini Tanga, ndiye aliyelipeleka Pangani kwa simu ya maandishi. Sasa alilitafuta katika vitabu viwili vya mkato, ambamo neno moja hubeba sentensi nzima. Kitabu kipya kilisema: “Mleteni mgonjwa Tanga upesi.” Cha zamani kilisema: “Mgonjwa angoje daktari huko huko.”

Mgonjwa, aliyenaswa mkono na mashine ya mkonge, alingoja siku mbili, akafa.

“Nilisoma kitabu nilicho nacho, bwana mkubwa,” alisema karani wa Pangani, mzee aliyesimama mbele ya meneja.

“Vipya vilipelekwa kote mwezi uliopita. Huna kazi tena.”

Mzee akamgeukia Fanueli. “Mwanangu, wewe ndiye mpelekaji wa vitabu. Mimi nililetewa?”

Fanueli alifungua kabati. Kifurushi kilikuwa chini kabisa, kamba yake ya katani ingali imekazwa, na juu yake “Pangani” kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikiweka mezani.

“Hakuletewa, bwana mkubwa. Nilikisahau mimi.”

Mzee ndiye aliyemjibu.

“Marehemu kaacha mke na watoto wanne. Twende, ukawaambie wewe.”